Rangi ghali ya ukuta: Je, afya yako inafaidika au ni mfuko tu unaoumia?

Je, msomaji, umewahi kusimama katika duka la vifaa vya ujenzi ukitazama ndoo mbili za rangi, zote nyeupe, zote za lita 20, lakini moja ikiuzwa mara mbili au hata mara tatu ya bei ya nyingine? Mwenye duka hukuambia kwamba ile ghali haina harufu, inaoshwa kwa maji na sabuni, inazuia kuvu, inaua viini, na kwamba hata daktari angekushauri uichukue. Kwa kuwa daktari ametajwa, leo acha daktari mwenyewe aseme.

Hapa Eldoret swali hili lina uzito wake. Tangu mji wetu upewe hadhi ya jiji mnamo Agosti 2024, kila mtu anataka nyumba yake ifanane na sifa hiyo. Kuanzia Kapsoya na Elgon View hadi Langas na Maili Nne, watu wanapaka kuta. Wengi ni wazazi wachanga wanaotayarisha chumba cha mtoto wa kwanza. Hilo ni jambo jema. Lakini mara nyingi daktari huletewa mtoto anayekohoa na kukoroma kifua, na akiuliza kuhusu nyumba huambiwa kwa fahari kwamba imepakwa rangi mpya, ya bei. Ukweli ni kwamba rangi inaweza kukusaidia, inaweza kukudhuru, na mara nyingi inaficha tu tatizo ambalo lingetibiwa kwa pesa kidogo zaidi.

Ndani ya ndoo mna nini?

Rangi yoyote ina vitu vinne. Kwanza ni unga unaoipa rangi yake. Unga mweupe unaotumika sana ni titani dioksidi, nao ni wa bei ya juu. Pili ni gundi inayoushika unga huo na kuugandisha ukutani. Tatu ni kiyeyushi, yaani maji katika rangi ya maji, au mafuta yanayofanana na tapentaini katika rangi ya mafuta. Nne ni dawa ndogo ndogo za kuzuia povu, kuoza na kuvu.

Tofauti ya kweli kati ya rangi rahisi na rangi nzuri imo katika vitu viwili vya kwanza. Rangi rahisi ina unga mchache wa titani na gundi kidogo, kisha hujazwa chokaa ya kawaida au udongo mweupe ili iwe nzito. Ukiegemea ukuta uliopakwa rangi hiyo, mgongo wa koti lako huwa mweupe. Ukiusugua kwa kitambaa chenye maji, rangi huondoka pamoja na uchafu. Rangi nzuri hufunika haraka na huvumilia kuoshwa.

Kwa hiyo usihesabu bei ya ndoo, hesabu bei ya ukuta. Chukua chumba cha mita 3 kwa 4 chenye kimo cha mita 2.7. Kuta zake zote ni kama mita mraba 38. Ukitoa mlango na dirisha unabaki na kama 34. Rangi nzuri ya maji hufunika karibu mita mraba 10 kwa lita moja, kwa hiyo mikono miwili itakula kama lita 7. Kama rangi ya nusu bei inahitaji mikono minne ndipo ukuta wa zamani usionekane, umenunua lita mara mbili, umemlipa fundi siku za ziada, na mwaka ujao utapaka tena. Hapo rahisi imekuwa ghali, na wahenga walikwisha kutuonya juu ya hilo.

Pumzi ya ndovu

Lakini kuna ngazi nyingine juu ya rangi nzuri, nayo ni rangi ya majina. Huko Uingereza kuna kampuni ya Farrow & Ball, iliyoanzishwa Dorset mwaka wa 1946, ambayo rangi zake huuzwa kwa bei kubwa kuliko za kawaida na hupewa majina ya kuchekesha. Moja ya kijivu huitwa Elephant's Breath, yaani Pumzi ya Ndovu. Nasi tunazo zetu, zinazouzwa kwa kadi nzuri yenye vipande vya rangi na majina ya matunda na machweo ya jua.

Hapa unalipia uchaguzi wa rangi, tangazo na fahari. Hakuna ubaya ukiwa na uwezo. Hata hivyo, ujue kwamba maduka mengi ya rangi katika miji yetu yana mashine ya kuchanganya, na rangi iliyo karibu sana na ile uliyoipenda inaweza kutengenezwa kwa ndoo ya daraja la kati. Mapafu ya mtoto wako hayajui jina lililoandikwa kwenye mkebe.

Risasi: adui asiyeonekana

Jambo ambalo ningependa kila mzazi alijue kabla ya kununua rangi ni hili la madini ya risasi. Kwa miaka mingi risasi ilitiwa katika rangi za mafuta ili zing'ae, zikauke upesi na zisipauke juani. Rangi za manjano, nyekundu, kijani na chungwa ndizo hasa zilizopewa madini hayo.

Madhara yake si habari mpya. Mwaka wa 1904 daktari Lockhart Gibson wa Queensland, Australia, aliandika kwamba watoto walikuwa wakipata sumu ya risasi kutoka kwa rangi ya veranda za nyumba zao. Mwaka wa 1921 Shirika la Kazi Duniani lilipitisha mkataba wa kupunguza matumizi ya rangi nyeupe ya risasi. Marekani ilipiga marufuku rangi yenye risasi majumbani mwaka wa 1978. Sisi katika Afrika Mashariki tuliendelea kuipaka. Utafiti uliofanywa hapa Kenya ulionyesha kwamba rangi nyingi za mafuta zilizonunuliwa madukani humu nchini zilikuwa na risasi kupita kiasi. Kiwango kinachotakiwa nchini leo ni kisichozidi sehemu 90 katika kila sehemu milioni moja ya rangi.

Kwa nini tunaogopa hivyo? Mtoto mdogo hunyonya risasi anayoimeza mara nne au tano kuliko mtu mzima, na mtoto mwenye upungufu wa madini ya chuma hunyonya zaidi. Risasi huingia katika ubongo unaokua, ikapunguza akili na utulivu wa mtoto. Huleta upungufu wa damu, maumivu ya tumbo, kufunga choo, na ikizidi sana, degedege na kifo. Hukaa katika mifupa kwa miaka mingi, na mama mjamzito huipitisha kwa mtoto tumboni. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiasi cha risasi katika damu kinachojulikana kuwa salama. Ubongo ukishaharibika hakuna dawa ya kuurudisha.

Wakenya wanalo funzo lao. Katika kijiji cha Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kiliwatia wakazi sumu hii hii, wakiwemo watoto. Mnamo Julai 2020 mahakama iliamuru walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3, na baada ya rufaa Mahakama ya Juu ikaithibitisha haki yao mwaka wa 2024. Pesa hizo, hata zingekuwa mara kumi, hazimrudishii mtoto akili aliyopoteza.

Basi angalia nyumba yako. Rangi ya maji ya ukutani kwa kawaida haina shida kubwa ya risasi. Shida iko katika rangi ya mafuta ya zamani: milango, madirisha, vyuma vya kuzuia wezi, malango, vitanda vya watoto na bembea za shule ya chekechea. Rangi hiyo ikianza kubabuka, mtoto huokota vipande na kuvitia mdomoni, kwa kuwa ladha yake huwa tamu kidogo. Vumbi lake hushikamana na vidole, na vidole huenda kinywani.

Kosa kubwa ni kumruhusu fundi akwaruze rangi hiyo kwa msasa mkavu huku familia ikiwa ndani. Vumbi la siku moja laweza kuwa baya kuliko rangi iliyotulia ukutani kwa miaka 20. Mwambie alowanishe kwa maji kwanza na atumie msasa wa maji. Asichome rangi kwa moto. Watoto na mama mjamzito waondoke mpaka sakafu ipanguswe kwa kitambaa chenye maji na sabuni, wala isifagiliwe kwa ufagio mkavu. Kama rangi ya zamani imeshika vizuri na haibabuki, ni salama zaidi kupaka mpya juu yake kuliko kuikwaruza.

Harufu ya rangi mpya

Watu wengi hupenda ile harufu ya nyumba mpya. Harufu hiyo ni viyeyushi vinavyopaa hewani. Katika rangi ya mafuta ni vingi. Huwasha macho na koo, huleta kichwa kuuma na kizunguzungu, na kwa mwenye pumu huweza kubana kifua usiku huo huo. Katika Jumuiya ya Ulaya, tangu mwaka wa 2010, rangi ya maji ya ndani isiyong'aa haitakiwi kuwa na zaidi ya gramu 30 za viyeyushi hivi kwa lita. Ukiona mkebe umeandikwa kiasi hicho au chini yake, hiyo ni sifa ya kweli inayostahili pesa, hasa kwa chumba cha mtoto au cha mgonjwa wa pumu.

Lakini kumbuka, kutokuwa na harufu si sawa na kutokuwa na madhara, kwa sababu risasi nayo haina harufu. Tena, dirisha lililo wazi ni la bure. Chumba kilichopakwa rangi ya maji kiachwe wazi siku mbili au tatu kabla ya mtu kulala humo. Cha rangi ya mafuta kingoje zaidi, mpaka harufu iishe kabisa.

Usimsahau fundi. Wewe unavuta harufu hiyo siku tatu, yeye anaivuta maisha yake yote. Taasisi ya Shirika la Afya Duniani inayochunguza saratani imeiweka kazi ya kupaka rangi katika kundi la mambo yanayojulikana kusababisha saratani kwa binadamu. Mfungulie madirisha, na umdai avae kinga ya pua anapokwaruza au anapopuliza rangi kwa bomba.

Na tapentaini au thina iliyobaki usiitie katika chupa ya soda! Kila daktari katika nchi hii anamjua mtoto aliyekunywa akidhani ni maji. Likitokea, usimtapishe na usimpe maziwa wala mafuta. Akitapika, viyeyushi hivyo huingia mapafuni na kuleta nimonia mbaya. Mkimbize hospitalini pamoja na chupa yenyewe.

Kuvu haijali bei

Eldoret iko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Usiku ni baridi na mvua yetu ni ya miezi mingi. Tunafunga madirisha, tunapika ndani, tunaanika nguo za mtoto chumbani. Mvuke wote huo hugonga ukuta baridi ukawa maji, na baada ya wiki chache madoa meusi hujitokeza pembeni mwa dari na nyuma ya kabati. Hiyo ni kuvu. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka wa 2009 unasema wazi kwamba wanaoishi katika nyumba zenye unyevu na kuvu hupata zaidi kikohozi, kukoroma kwa kifua na pumu.

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea. Mtu hununua rangi ghali ya kuzuia kuvu na kuipaka juu ya madoa. Kwa miezi mitatu ukuta hupendeza, kisha madoa hurudi. Rangi haiwezi kukausha ukuta ambao maji yanaingia kutoka kwa mfereji wa paa uliopasuka, bomba linalovuja au msingi usio na kizuizi cha unyevu. Hata ukuta mpya wa plasta unahitaji kama wiki nne kukauka kabla ya kupakwa, na ukiharakisha rangi itavimba na kubabuka, iwe ya bei gani.

Safisha kwanza kuvu kwa maji, sabuni na brashi, ukiwa umefunga pua na kuvaa glavu. Acha ukauke. Tafuta maji yanatoka wapi na uyazuie. Fungua madirisha kila asubuhi, hata Julai. Kisha paka. Kama unaweza, fanya kazi hiyo kati ya Desemba na Februari wakati wa kiangazi.

Nikiwa hapo hapo: wapo wanaoziba kila tundu ili rangi mpya isipate vumbi na joto lisitoke, kisha wakaingiza jiko la makaa ndani. Moshi wa makaa usioonekana huua familia nzima usingizini. Hakuna ukuta unaostahili hilo.

Je, kuna rangi inayoua viini?

Baadhi ya rangi hutiwa madini ya fedha au dawa nyingine, na ni kweli zinaweza kupunguza vijidudu vilivyo juu ya ukuta. Lakini jiulize, ni mara ngapi umeambukizwa ugonjwa na ukuta? Kifua kikuu na homa huenea kwa hewa tunayoshiriki. Kuhara huenea kwa mikono, maji na chakula. Kwa bei ya ziada ya ndoo moja ya rangi ya namna hiyo utanunua sabuni ya mwaka mzima. Na dhidi ya kifua kikuu, madirisha mawili yanayotazamana yana nguvu kuliko rangi yoyote.

Kuhusu madai kwamba rangi fulani hutuliza akili, sikukatazi kuipenda. Ninachoweza kukuhakikishia ni kwamba rangi nyeupe au nyepesi hurudisha mwanga mwingi, na chumba chenye mwanga humsaidia mzee asijikwae na mtoto asome bila kukaza macho.

Chokaa ya mababu

Kwa msomaji asiye na uwezo, kuna kitu ambacho watu wa Lamu, Mombasa na Unguja wamekitumia kwa karne nyingi, nacho ni chokaa. Wao waliichoma kutoka kwa matumbawe. Huku kwetu hutoka katika mawe, kama yale yanayochimbwa Koru karibu na Kisumu. Chokaa ni kali kiasi kwamba kuvu haipendi kuota juu yake ikiwa mbichi, haina viyeyushi, na huruhusu ukuta kutoa unyevu wake. Hasara yake ni kwamba huchafua nguo na hutakiwa kupakwa tena mara kwa mara.

Tahadhari ni moja: ikiingia jichoni huunguza na yaweza kupofusha. Vaa miwani unapopaka dari. Ikiingia, osha jicho kwa maji safi mengi kwa dakika 20 au zaidi bila kungoja, kisha nenda hospitalini.

Ushauri wangu

Kama una pesa kidogo za kutengeneza nyumba, zitumie kwa mpango huu. Kwanza, zuia maji yanayovuja. Pili, hakikisha madirisha yanafunguka. Tatu, shughulikia rangi ya mafuta inayobabuka pale mtoto anapofikia, kwa njia ya maji niliyoeleza. Nne, nunua rangi ya maji ya daraja la kati kutoka duka linaloaminika, mkebe ukiwa umefungwa, una alama ya ubora ya KEBS, na umeandikwa kwamba hauna risasi. Tano, kama bado kuna baki, ongeza bei pale inapofaa: jikoni, bafuni, kwenye korido na chumba cha watoto, ambako ukuta utaoshwa mara kwa mara. Sebuleni na chumba chako cha kulala, rangi ya kawaida yatosha.

Kama wewe ni mpangaji, mwandikie mwenye nyumba kuhusu paa linalovuja kabla ya kumwomba rangi. Na kama mtoto wako amekuwa akila vipande vya rangi au udongo, ana upungufu wa damu usioisha, au tumbo linamuuma bila sababu, mwambie daktari habari hiyo waziwazi, naye ataamua kama kipimo cha risasi katika damu kinahitajika. Mpe vyakula vyenye madini ya chuma na kalisi, kama maharagwe, mboga za majani, nyama na maziwa, na mwoshe mikono kabla ya kula.

Rangi ni nguo ya nyumba. Nguo nzuri ni haki yako ukiweza kuinunua, lakini hakuna anayemponya mgonjwa kwa kumvisha suti. Tibu ukuta kwanza, kisha uupambe.